Kuombea Amani kwa Kutaja Majina

Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, sijahudhuria ibada hapa Kigoma isiyokuwa na ombi la amani ya taifa. Misa ya kwanza, misa ya pili, jumuiya, mkesha wa wakarismatiki, hata misa za harusi. Msomaji anasimama na karatasi yake: "Tuiombee nchi yetu idumu katika umoja na amani." Sisi tunaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," kisha tunahamia kwenye ombi la mvua na la wagonjwa. Nimeitikia mara nyingi na ninaamini Mungu anasikia. Lakini kuna jambo limenikaa kifuani miezi yote hii. Nimeona niliandike, kwa ajili ya Wakristo wenzangu hasa, ingawa jirani yangu Mwislamu akilisoma hatakuta humu siri yoyote.

Jambo lenyewe ni kwamba ombi lile halimtaji mtu. Halimtaji aliyekufa wala aliyeua. Hayumo aliyewekwa ndani, hayumo aliyechomewa biashara, hayumo mama aliyekaa wiki nzima akipiga simu isiyopatikana. Limelainishwa hadi kila mtu kanisani anaweza kuliitikia bila kuguswa popote, na tukitoka nje kila mmoja anarudi kwa watu wa upande wake na maneno yale yale aliyoingia nayo.

Nabii Yeremia aliwajua watu wa sala za namna hii. "Wameiponya jeraha ya watu wangu kwa juu-juu tu, wakisema, Amani, Amani, wala hapana amani." Na Yeremia huyo huyo ndiye aliyewaandikia mateka wa Babeli wautakie amani mji ule waliopelekwa kwa nguvu, na wauombee kwa Bwana, kwa sababu katika amani ya mji huo na wao wangepata amani. Kabla ya hapo, katika barua hiyo hiyo, amewaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha. Kwanza wakae na watu wa mji, washike jembe, ndipo anafika kwenye sala. Nimeisoma sura ile ya 29 mara nyingi tangu Novemba na kila mara mpangilio huo unanisimamisha.

Yaliyotokea tunayajua. Siku ya kupiga kura maandamano yalizuka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko, risasi zikapigwa, mali zikachomwa moto, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Watu walikufa. Serikali, upinzani na mashirika ya haki za binadamu kila mmoja ana hesabu yake, na mabishano ya hesabu yamekuwa mapana kiasi kwamba wapo wanaogombania tarakimu na wamesahau kwamba kila moja ilikuwa na mama. Maaskofu Katoliki walilaani mauaji yale hadharani mwezi ule ule wa Novemba. Tarehe 14, akihutubia Bunge jijini Dodoma, Rais alitangaza kuundwa kwa tume ya uchunguzi.

Kisha ukaja mpasuko wa pili, ambao mimi nauogopa kuliko ule wa vyama. Watu walianza kuupa ugomvi wa kisiasa jina la dini. Kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakristo zilipita jumbe kwamba Waislamu wanafurahia damu iliyomwagika. Kwenye makundi ya Waislamu, majirani walinionyesha, zilipita jumbe kwamba Wakatoliki wanataka kumwangusha Rais kwa sababu ni Mwislamu. Maneno ni yale yale yamegeuzwa tu, na nina hakika wengi waliosambaza hawajawahi kumjua aliyeyatunga.

Kwa mtu wa Kigoma habari hizo zilipaswa kuishia mlangoni. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walipofika Ujiji mwaka 1879 waliukuta mji wa Waislamu tayari, wenye misikiti na soko na njia ya misafara hadi pwani; Ukristo wa huku ulianza kama mgeni aliyepokelewa. Leo ukienda kwenye msiba wowote Mwanga au Gungu au Ujiji kwenyewe utakuta kina mama wa kanzu za WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na kina mama wa mabuibui wanamenya mihogo kwenye beseni moja. Koo zetu zimechanganyika hadi mtu na mdogo wake, mmoja ni Yohana na mwingine Yahaya. Na siasa za ushindani hatukuanza jana. Mkoa huu ulimpeleka bungeni Zitto Kabwe akiwa kijana mwaka 2005, na umekuwa ukiwatoa wapinzani na makada wa chama tawala kwenye nyumba moja. Tumewahi kununiana baada ya kila uchaguzi. Hii ya safari hii haikufanana na kununiana.

Jumuiya yetu, yaani familia jirani za parokia zinazosali pamoja, hukutana Jumamosi alfajiri, kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Jumamosi ya kwanza baada ya uchaguzi iliangukia Novemba 1, sikukuu ya Watakatifu Wote. Intaneti bado ilikuwa imezimwa. Tulikuja wengi kuliko kawaida, na waliokuja walikaa kimya kuliko kawaida. Tulisali rozari, tukasoma Injili ya Heri, ile isemayo heri wenye kuhuzunika na heri wapatanishi. Ulipofika wakati wa nia za sala, mtu mmoja akaombea amani. Mwingine akaombea amani na mvua. Wa tatu akaombea viongozi. Ndipo mama mmoja aliyekuwa ameketi mkekani karibu na mlango, kanga ameivuta hadi usoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ninamwombea mwanangu. Yuko Dar es Salaam, anauza viatu. Simu yake haipatikani tangu Jumatano." Akamtaja jina la ubatizo na la nyumbani, yote mawili.

Hakuna aliyeitikia.

Mzee wetu mmoja, mtu mzima wa heshima, ambaye ni balozi wa nyumba kumi wa chama tawala hapa mtaani na amekuwa mwenyekiti wa jumuiya kabla yangu, alikohoa akasema kwa upole, "Mama, tuombee amani kwa ujumla. Mambo mengine tuyaache, hapa ni mahali pa sala." Yule mama hakuinua uso. Akajibu, "Shikamoo mzee wangu. Mwanangu siyo ujumla."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko mahubiri yoyote niliyoyasikia mwaka ule. Yule mama hakuwa anabishana, wala hakusema nani alaumiwe. Alikuwa amekuja kumweleza Mungu jambo lililomleta, kwa jina la mtoto ambalo Kanisa lenyewe lilimpa kwenye kisima cha ubatizo. Sisi ndio tuliokuwa tunamwomba aje mbele za Mungu na jambo ambalo hakuja nalo.

Tena ukitazama, Kanisa letu halijawahi kusali kwa ujumla. Kwenye Sala ya Ekaristi padre anamtaja Baba Mtakatifu kwa jina, anamtaja askofu wetu kwa jina. Kwenye litania tunawaita watakatifu mmoja mmoja. Na mwezi huo wa Novemba ulioanza siku ile ile, kila familia inaandika majina ya marehemu wake kwenye bahasha na kuyapeleka kanisani, babu, bibi, shangazi aliyefariki miaka arobaini iliyopita, ili waombewe kwa majina mwezi mzima. Iweje babu aliyekufa kwa uzee atajwe, halafu kijana asiyejulikana aliko tuambiwe tumwache?

Siku ile aliyetuokoa ni binti mdogo wa mwenye nyumba. Aliitikia peke yake, kwa sauti ya watoto, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Kisha wote tukaitikia.

Baada ya baraka watu hawakutawanyika. Uji ulikuja, tukaanza kuulizana: nani ana ndugu Dar es Salaam, anakaa wapi, simu za kawaida zinaita au haziiti? Ilionekana tuna ndugu wengi Dar es Salaam na karibu wote hawakuthubutu kutoka nje. Mama alitaka kupanda basi siku hiyo hiyo. Tulichanga nauli pale pale mkekani. Mwenye elfu mbili alitoa elfu mbili. Mzee balozi naye alitoa, na alitoa nyingi kuliko mtu yeyote, bila kusema neno. Niliona na nimelihifadhi.

Lakini msaada uliotufikisha ulitoka nyumba ya pili. Jirani yake yule mama ni Alhaji mwenye duka la rejareja, mtu wa swala tano, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimkopesha unga na mawese mpaka mwisho wa mwezi. Aliposikia kilio kimezidi alikuja kwa miguu yake, akabisha hodi kwenye nyumba iliyojaa Wakatoliki wenye rozari mikononi, akakaa kwenye benchi akasikiliza. Akasema mama asisafiri, barabara haziaminiki na huko atafikia wapi. Ana mtoto wake wa kiume Dar es Salaam, kinyozi, anawajua watu, yeye atazunguka. Na kijana yule alizunguka kweli, amri ya kutotoka nje ilipolegea, hospitali moja baada ya nyingine, vyumba vya maiti, kisha vituo vya polisi, akiwa na picha ya mwenzake kwenye simu na jina alilosomewa na baba yake herufi kwa herufi, kwa sababu lilikuwa jina la kizungu la mtakatifu asiyemfahamu.

Alimkuta mahabusu. Ilikuwa imepita zaidi ya wiki. Baadaye, Rais alipoelekeza waliofuata mkumbo tu wafutiwe mashitaka na watu wengi wakaanza kuachiwa, naye alitoka. Amerudi Kigoma, anasaidia kuuza dagaa Kibirizi, haongei sana.

Wiki ile ile ambayo kijana wa Kiislamu alikuwa anapekua vyumba vya maiti akimtafuta mtoto wa mwanajumuiya wetu, intaneti ilirudi, na mtu wa parokia yetu akarusha kundini ujumbe kuhusu Waislamu na damu. Sikujibu kundini. Nilimpigia simu. Nilimuuliza, "Ndugu yangu, ni Mwislamu gani wa mtaa huu uliyemwona anafurahi? Nitajie jina lake twende kwake." Alisema hamjui, ametumiwa tu. Nikamsimulia ya kinyozi. Aliufuta ujumbe, na kesho yake akaenda dukani kwa Alhaji kununua sukari ambayo sidhani alikuwa anaihitaji. Kufuta ujumbe ni kazi ya sekunde moja, najua. Kumpigia mtu simu kabla hujamkasirikia hadharani kunahitaji moyo mwingine, na ninawasihi mnaosoma hapa mlifanye hilo kabla ya jambo lolote kubwa mnalofikiria kulifanyia taifa.

Jina pia linakubana wewe unayeomba. Ukimtaja mtu mbele za Mungu Jumamosi, Jumatatu ukikutana naye sokoni huwezi kupita kama humjui.

Hili lilitupata upande mwingine, na hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi. Parokia yetu ina familia za askari polisi. Watoto wao wanatumikia altareni pamoja na watoto wetu, wake zao wako WAWATA. Mmoja wa wake hao anaimba kwaya, sauti ya pili, amekuwa akiimba tangu alipohamia hapa. Baada ya Oktoba, benchi la sauti ya pili lilianza kumbana. Hakuna aliyemfukuza. Watu walisogea tu, akawa anakaa mwisho kabisa karibu na kinanda, na wakati wa kutakiana amani mikono iliyomfikia ilikuwa michache. Mimi niliona, na nadhani kila mtu aliona.

Katekista wetu hakuisema mimbarini. Alikwenda nyumbani kwa mama huyo pamoja na mkewe, jioni, wakamkuta anafua sare za kwaya za watu wengine, kazi aliyojitolea siku nyingi. Mumewe alikuwa amepelekwa mkoa mwingine kabla ya uchaguzi na alikuwa bado hajarudi. Walikaa, wakanywa chai, wakamuuliza kama kuna nia angependa ipelekwe jumuiya. Alifikiri muda mrefu. Kisha akasema, na nanukuu kama nilivyosimuliwa: "Mnawaombea waliokufa, na mimi nawaombea. Naomba mumtaje na mume wangu. Muombe akirudi awe mtu wa kusema kweli."

Jumamosi iliyofuata jina la yule askari lilitajwa kwenye jumuiya, dakika chache baada ya jina la kijana aliyekuwa mahabusu. Mama wa kijana alikuwepo. Aliitikia. Sitaki kulipamba jambo hilo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayenyanyua mzigo. Lakini aliitikia, na wiki ile ile alimpelekea mke wa askari majani ya mihogo aliyokwisha kuyatwanga.

Wapo Wakristo wenye msimamo mkali kuliko wangu watakaosema nimelainika: utamwombeaje askari kabla haki haijatendeka? Ninawaelewa, na katika haki sina masihara. Aliyeua anapaswa kujibu mbele ya sheria, aliyetoa amri naye ajibu, na tume yoyote itapimwa kwa ukweli iliouweka mezani. Kumwombea mtu aseme kweli hakumtoi mikononi mwa sheria, kunamsogeza. Bwana aliyesema waombeeni wanaowaudhi hakusema muwaombee wasijulikane.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema Kanisa liachane na siasa. Hao wananisomea Timotheo, kwamba sala na maombezi na shukrani zifanyike kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Ninakubali, na tunafanya. Rais wetu tunamtaja kwa jina kila Dominika na ninaitikia kwa moyo wote. Ila wasome mpaka mwisho wa mstari, kwamba tunawaombea ili tuishi maisha ya utulivu na amani. Sala ile ina lengo, na anayeomba ana haki ya kuangalia kama lengo linafikiwa. Wimbo wetu wa taifa wenyewe ni sala. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya wamisionari huko Afrika Kusini, aliitunga tuni yake mwaka 1897 kama utenzi wa kanisani. Kila mara bendera inapopandishwa tunamwomba Mungu abariki viongozi, kisha wake kwa waume na watoto, ndani ya pumzi moja. Hakuna anayesema pale kwamba tunachanganya dini na siasa.

Sisi watu wa mpakani tuna sababu ya ziada ya kutoridhika na makanisa yaliyojaa. Tumewaona majirani zetu. Burundi na Rwanda zilikuwa nchi za Wakristo wengi, wenye kwaya nzuri na misa zenye kufurika, na watu waliuana, wengine ndani ya makanisa yenyewe, kama Ntarama na Nyamata kule Rwanda. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu kule Tabora na Katumba na Mishamo. Wa mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, walivuka kwa maelfu kuja huku kwetu Kigoma, na mwaka 2015 wakaja wengine, kwenye kambi za Nyarugusu, Nduta, Mtendeli. Nimekua nikiwasikia watu hawa wakisimulia kwa Kirundi ambacho sisi Waha wa Kigoma tunakielewa bila mkalimani. Jambo moja linajirudia katika simulizi zao: jirani aliyekuja na panga alikuwa mtu wa parokia moja. Walijua kusali pamoja. Hawakuwa wamezoea kuambiana ukweli pamoja.

Ndiyo maana habari ya Buta ina uzito kwangu. Buta ni seminari ndogo kusini mwa Burundi, katika uliokuwa mkoa wa Bururi. Vita vilikuwa vimeshagawanya shule karibu zote, Wahutu huku na Watutsi kule. Pale, gombera wao, yaani mkuu wa seminari, padre Zacharie Bukuru, aliwalea vijana kwa makusudi walale, wale, wacheze na wasali wakiwa wamechanganyika, na aliwapa nafasi ya kuzungumza waziwazi mambo yanayoendelea nchini, yale yale ambayo kwingine yalikuwa yananong'onwa. Alfajiri ya Aprili 30, 1997, watu wenye silaha waliingia bwenini wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja, Watutsi upande mwingine. Walikataa. Wakaamriwa tena, wakakataa. Waliuawa 40.

Vijana wale hawakupata ujasiri ule asubuhi ile ile. Waliujenga kwa miezi, kwenye meza ya chakula, uwanjani, kwenye mazungumzo yaliyowaumiza, na kwenye sala ambayo ndani yake Mhutu na Mtutsi walitajana. Amri ya kutengana ilipokuja iliwakuta hawana mahali pa kutenganikia. Nikiwafikiria ninajiuliza jumuiya yetu, benchi letu la sauti ya pili, vingestahimili amri kama ile kwa muda gani. Mwaka 2025 kwetu haikuhitajika hata amri. Watu walisogea wenyewe.

Kwa hiyo ninaposema sala na vitendo, vitendo ninavyovisema ni vidogo na vina anwani. Nehemia aliposikia kuta za Yerusalemu zimebomoka aliketi, akalia, akafunga, akasali siku kadhaa, na ndani ya sala yake alijitaja, mimi na nyumba ya baba yangu. Kisha akaenda kwa mfalme akaomba barua za kupita na miti ya kujengea. Aliomba vitu vinavyohesabika. Na walipotishiwa, walimwomba Mungu wao na kuweka walinzi usiku na mchana. Watu wa Nehemia hawakuona aibu kufanya yote mawili.

Sisi tulianza na daftari. Ni daftari la kawaida la mistari, linakaa kwa katibu, na ndani yake yameandikwa majina: waliopotea, waliofungwa, waliojeruhiwa, waliokufa, askari walio mbali na nyumbani, na waliopoteza mali. Kila Jumamosi yanasomwa yote. Pembeni ya kila jina kuna jina la pili, la mwanajumuiya atakayeitembelea familia ile kabla ya Jumamosi inayofuata na kurudi na habari. Kama ni kupeleka chakula, anapeleka. Kama ni kumsindikiza mtu kwa mwanasheria au kwa mwenyekiti wa mtaa, anasindikiza. Familia mbili zilizotaka kutoa maelezo yao rasmi kuhusu watu wao tumezisaidia kuyaandika kwa mpangilio, tarehe na mahali, bila kuongeza chumvi, maana ukweli uliotiwa chumvi ni rahisi kutupwa. Alhaji ametuletea majina mawili ya upande wake nayo yamo. Ya kwetu aliyachukua, na aliniambia yanatajwa kwenye dua baada ya swala ya Ijumaa.

Haijawa rahisi. Wanajumuiya wawili wameacha kuja, mmoja kwa woga, na sina neno la kumlaumu kwa sababu woga una sababu zake. Mwingine ni mzee wetu balozi. Alivumilia hadi Januari, kisha akasema daftari limegeuza jumuiya kuwa mkutano wa hadhara. Nimekwenda kwake mara kwa mara. Ananipokea vizuri, ananikalisha barazani, tunaongea mihogo na bei ya migebuka, na nikitaja Jumamosi anageuza mazungumzo. Namheshimu. Amezika watu wengi wa mtaa huu kwa fedha yake na ndiye aliyetoa nyingi siku ile ya mchango.

Mara ya mwisho nilipokuwa naaga alinisindikiza hadi barabarani. Akaniuliza, bila kunitazama, kama daftari lina nafasi ya mtu ambaye hakuandamana. Ana mpwa wake Dar es Salaam, alikuwa na kibanda cha vipuri vya pikipiki, kilichomwa moto siku ile na waandamanaji, na mkopo wake bado unadai. Nilimwambia nafasi ipo, na nikamuuliza jina. Alinitajia. Nikamuuliza na nani wa kufuatilia, maana kila jina lina mtu wake. Alikaa kimya kidogo, akasema niandike mama wa yule kijana, kama mwenyewe atakubali.

Nilimuuliza mama jioni ile. Alikubali, na amekwisha kumpigia yule mpwa simu. Mzee bado hajarudi jumuiya.